Kufuma Njiani: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Tangu tulipochapisha maelekezo ya kofia ya mtoto mchanga, barua nyingi zilizotufikia hazikuhusu kofia yenyewe, bali zilihusu mahali pa kuifumia. Wasomaji wanataka kujua namna ya kubeba kazi zao, ziwe za sindano mbili au za kroshia, wanapopanda basi, wanaposubiri zamu kliniki, wanapohudhuria vikao na hata wanaposafiri kwa ndege. Tumechagua barua tano na kuzifupisha kidogo.

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwisho wa juma hupanda basi kutoka Mafinga hadi Iringa kumtazama mama yangu. Nimeanza shali ya mtoto ya matundumatundu kwa sindano mbili ndefu, nikitumaini kwamba safari hizo zingenisaidia kuimaliza, lakini kila nikifika hukuta vitanzi vimechomoka, uzi umejifunga mafundo, nami sijui nilikuwa nimefikia mstari wa ngapi. Nifanyeje ili niweze kusafiri na shali hii?
*Msomaji, Mafinga*

Marahaba, mwanangu. Ushauri wangu ni kwamba shali hiyo ibaki nyumbani, nawe safarini uchukue kazi nyingine. Sisemi hivyo kwa sababu ya ukubwa wake, maana shali iliyoanzwa juzi huingia hata katika mkoba mdogo. Watu wengi huchagua kazi ya safari kwa kuangalia ukubwa, ilhali jambo linaloamua ni namna kazi hiyo inavyovumilia kukatizwa. Ndani ya basi hufumi muda mrefu bila kusimamishwa: mara kondakta anadai nauli, mara jirani anataka kupita, mara tuta, mara umefika. Shali ya matundumatundu, yenye vitanzi mia na zaidi juu ya sindano moja na maelekezo yanayobadilika kila mstari, haiwezi kuachwa ghafla katikati ya mstari ikasalimika, na ndiyo sababu unafika Iringa vitanzi vikiwa vimechomoka.

Wasusi wa mikeka wa pwani walikwisha kulipatia dawa jambo hili zamani. Hawasuki mkeka mzima kwa mara moja, bali husuka ukili, ule ukanda mwembamba wa chane za ukindu ambao hukunjwa ukawa bunda, ukabebwa kwenda nao barazani au kwa jirani, na ukasimamishwa popote mgeni anapobisha hodi. Ukili ukishapata urefu wa kutosha, ndipo hushonwa ukanda kwa ukanda nyumbani, palipo na sakafu ya kuutandaza. Wanawake wa Kikuyu na wa Kikamba nchini Kenya nao wamejulikana kwa kusuka vyondo vya katani huku wakitembea na kuzungumza, kwa kuwa kiondo hukua kwa mzunguko unaojirudia na hakimlazimishi msusi kukikodolea macho. Kazi yako ya basi na iwe ya aina hiyo: vipande vidogo vinavyokamilika njiani, na kuviunganisha kufanyike mezani.

Kwa hiyo ningependa uanze na kroshia. Katika kroshia ya kawaida kitanzi kinachobaki wazi unapoiweka kazi chini ni kimoja tu. Sindano ikichomoka, utapoteza kitanzi hicho na labda vichache vya nyuma yake, na utavirudisha kabla ya kituo kinachofuata. Katika ufumaji wa sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari viko wazi, na sindano ikichomoka huanza kufumuka kuelekea chini. Vipande vya mraba vya kroshia, vile vinavyoanzia katikati na kupanuka kwa mizunguko, ndivyo vinavyofaa kuliko vyote. Ukishaijua mizunguko yake michache ya mwanzo hutahitaji karatasi ya maelekezo, kona zenyewe zitakuonyesha ulipofika, na kipande kikiisha unakata uzi, unakitia mkobani na kuanza kingine. Blanketi la mtoto hukamilika kwa njia hiyo bila kubebwa lote hata siku moja. Ubaya wake ni ncha za uzi. Kila kipande cha rangi moja huacha ncha mbili, hivyo blanketi la vipande 100 lina ncha 200, na asiyezificha kila kipande kinapoisha hujiwekea kazi ambayo sijamwona mtu anayeipenda. Beba sindano ya kushonea yenye tundu kubwa na ncha butu, uzifiche ncha hizo ukiwa bado kitini.

Ikiwa moyo wako uko kwenye sindano mbili, basi zile ndefu zilizonyooka zisipande basi. Kiwiko chako kitamsumbua jirani, na breki ya ghafla huweza kuifanya ncha kuwa hatari kwa mtoto aliyepakatwa kiti cha pili. Tafuta sindano za mzunguko, yaani sindano mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki. Uzito wa kazi hulala mapajani badala ya kuning'inia mikononi, na ukitaka kusimama unavisukuma vitanzi vyote hadi katikati ya waya, navyo havitoki. Fuma kitu cha duara kisicho na mambo mengi, kama kofia au soksi. Jozi ya soksi za mtu mzima huhitaji takriban gramu 100 za uzi mwembamba wa soksi, ambao ni kama mita 400, na huo ni mzigo mwepesi wa kukutosha safari nyingi. Anayefumia sindano fupi zenye ncha pande zote mbili achomeke kipande cha kifutio cha penseli kwenye kila ncha, au azifunge pamoja kwa mpira wa kufungia noti, kabla ya kuzirudisha mkobani.

Mafundo husababishwa na donge linaloviringika. Vuta uzi unaotokea ndani ya donge badala ya ule wa nje, kisha uliweke donge ndani ya kimfuko cha kitambaa chenye kamba ya kukaza mdomo, ukiacha upenyo mdogo wa uzi kupita. Kuhusu mistari, usitegemee kumbukumbu: chomeka pini ya nguo kila baada ya mistari kumi, na ukikatizwa utahesabu kuanzia kwenye pini ya mwisho. Unapoona kituo chako kinakaribia, usianze mstari mpya. Na ikiwa ni kroshia, ipitishe pini katika kile kitanzi kilicho wazi na kuifunga.

Shali usiifumue. Ifanye kuwa kazi ya jioni, taa ikiwa imewaka na watoto wamelala.

Shikamoo mama. Mimi ni kijana, mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Dada yangu alinifundisha kroshia, nami hufuma kofia na kuwauzia wenzangu. Nikifuma bwenini hakuna anayeshangaa tena, lakini kwenye daladala abiria hunicheka na kuniuliza kama nimeachiwa kazi na mke wangu. Je, niache kufuma mbele za watu?
*Msomaji, Dodoma*

Marahaba, baba. Usiache. Wanaokucheka huenda wamevaa suruali iliyoshonwa na fundi cherehani mwanamume, na hawajawahi kumuuliza fundi huyo swali lolote juu ya mke wake.

Ukitaka la kuwajibu, yako mengi. Katika kisiwa cha Taquile, kilichomo ndani ya Ziwa Titicaca nchini Peru, kufuma kwa sindano ni kazi ya wanaume, na wavulana hujifunza tangu utotoni. Wanaume huonekana wakifuma huku wakitembea njiani, na kofia zao zenye ncha huonyesha, kwa rangi na mapambo yake, kama mvaaji ameoa au bado. UNESCO ilitangaza sanaa hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Katika eneo la Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, wachungaji wa karne ya 19 walichunga kondoo wakiwa juu ya mironjo, ile miti mirefu ya kutembelea, kwa kuwa nchi yao ilikuwa ya majimaji, na wakiwa huko juu, wameegemea fimbo ndefu, walifuma soksi. Wewe umeketi kwenye kiti cha daladala, kwa hiyo umepata nafuu.

Jambo moja la biashara, kwa kuwa umesema unauza: kazi inayofumwa mbele za watu ni tangazo lisilolipiwa. Weka mkobani kofia moja iliyokamilika, na anayecheka mpe aishike, kisha mtajie bei. Ila usifume ukiwa umesimama na mkono mmoja umeshika bomba.

Assalaam alaykum. Inshallah mwezi ujao nitasafiri kwa ndege kutoka Mombasa kwenda London kumtazama binti yangu aliyejifungua, na nitabadilisha ndege njiani. Nataka nimfumie mjukuu wangu sweta nikiwa safarini, lakini majirani wananitisha kwamba sindano zangu zitachukuliwa uwanjani. Ukweli ni upi?
*Msomaji, Mombasa*

Wa alaykum salaam, dada yangu, na hongera kwa mjukuu. Uingereza inaruhusu sindano za kufumia katika mzigo wa mkononi, na inaruhusu pia mkasi mdogo ambao makali yake hayazidi sentimita 6. Marekani nayo inaruhusu sindano za kufumia na za kroshia, na kwa mkasi kipimo chake ni inchi 4, yaani kama sentimita 10, kuanzia kwenye msumari unaounganisha makali yake. Lakini kile kidude cha duara cha kukatia uzi, chenye wembe ndani, hakipiti mkononi, sharti kiende katika mzigo unaokabidhiwa. Naitaja Marekani kwa sababu wasomaji kadhaa wana watoto huko.

Hata hivyo usistarehe mapema. Wewe utakaguliwa Mombasa, utakaguliwa tena pale utakapobadilisha ndege, na kila uwanja una kanuni zake. Tena mahali pengi afisa aliye kwenye mashine ndiye mwenye neno la mwisho, hata kama orodha iliyochapishwa inakuruhusu. Lipigie simu shirika lako la ndege, uulize kuhusu kituo cha katikati hasa, maana hicho ndicho wasafiri husahau kukiulizia. Kisha jiandae kana kwamba sindano zitachukuliwa. Beba za mianzi au za plastiki, za mzunguko na zisizo na thamani kubwa kwako, na zile ulizorithi uziweke kwenye sanduku. Kabla ya kufika kwenye ukaguzi, pitisha uzi wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea na kufunga ncha zake. Sindano zikiondoka, vitanzi vitabaki juu ya uzi huo, nawe utanunua sindano nyingine London na kuendelea.

Juu ya mfuko wa kubebea, najua wafumaji wengi wa rika letu walizoea mfuko wa nailoni kwa sababu hauingizi maji. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo kazi yako iende katika mfuko wa kitambaa. Ukiwa na kipande cha leso kilichobaki, kishone kuwa mfuko wenye kamba. Uzi hautakwama ndani yake kama unavyokwama kwenye kikapu chenye vijiti vilivyochomoza.

Usianze sweta yenyewe ndani ya ndege. Anza nyumbani, ukishapima kipande cha majaribio na kuhakikisha idadi ya vitanzi, ufume mistari ya ukingo wa chini, kisha upande ndege na ile sehemu ya mgongo iliyonyooka tu. Mikono, shingo na vifungo utavifanya nyumbani kwa binti yako, ambako mjukuu mwenyewe yupo wa kupimwa. Na nunua uzi wote kabla ya kuondoka, ukiangalia namba ya upakaji rangi iliyochapishwa kwenye karatasi ya kila donge, kwa sababu madonge ya rangi moja yenye namba tofauti huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana wazi kifuani mwa sweta.

Shikamoo mama. Nimeolewa mwaka jana hapa Tanga. Hufuma vitambaa vya makochi na vya meza, na hiyo ndiyo biashara yangu ndogo, kwa hiyo hubeba kazi yangu kila ninapokwenda: kwenye kikoba, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa mawifi zangu, na juzi msibani. Mama mkwe aliniambia mbele ya watu kwamba kufuma wakati wengine wanazungumza ni dharau. Je, ni kweli nimekosa adabu?
*Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Kukuambia mbele ya watu pengine hakukuwa kwema, lakini katika hoja yenyewe mama mkwe wako hajakosea sana. Kinachomuudhi mtu mzima ni macho yako, wala si mikono. Anazungumza, nawe umeinamia kitambaa, unahesabu kwa midomo, naye anaona kwamba hesabu hiyo imepewa heshima kuliko maneno yake. Vitambaa vya makochi, vya uzi mwembamba wa pamba na sindano ndogo, vyenye maua ya kuhesabiwa moja moja, ndivyo vibaya kuliko vyote kwa baraza la wakubwa. Kwa mikutano ya namna hiyo uwe na kazi nyingine ya uzi mnene na mtindo mmoja unaojirudia, ambayo vidole vinaifahamu. Kipimo chake ni rahisi: ukiwa nyumbani, fuma mstari mzima ukiwa umetazama dirishani, na ukiweza bila kukosea, kazi hiyo inaweza kukaa nawe barazani.

Kabla ya kuitoa, omba ruhusa kwa sauti: "Mama, naomba nifume huku nikikusikiliza." Ombi dogo kama hilo huondoa nusu ya lawama. Anapokuelekea wewe kwa jina, teremsha mikono mapajani hadi amalize. Chakula kikiletwa, kazi iingie mkobani na isibaki pembeni ya sinia.

Kwenye kikoba hali ni tofauti kidogo. Wakati wa mazungumzo sioni ubaya, na vikundi vingine vina wanachama kadhaa wanaofuma. Lakini sanduku likishafunguliwa na hisa zinahesabiwa, wanachama wote huwa mashahidi wa hesabu hiyo, na shahidi anayehesabu vitanzi vyake hafai. Ikiwa wewe ni mweka hazina au mshika ufunguo, acha kazi nyumbani kabisa.

Msibani ndipo ninapokuwa mkali. Kabla ya maziko, usifume. Mikono yenye nafasi msibani ina kazi yake: ipelekwe uani kuchambua mchele, kumenya vitunguu na kuosha vyombo, kwa kuwa siku hiyo ni ya wafiwa, na kitambaa unachofuma ni cha mteja wako. Katika siku za baadaye za matanga, wanawake wanapobaki wameketi mkekani kumliwaza mwenzao, baadhi ya familia huona ni kawaida na nyingine huchukizwa. Uliza wenyeji, na wakisita usirudie kuuliza. Wakati wa hotuba na mahubiri hakuna haja hata ya kuuliza.

Muda unaoweza kuutumia kwa biashara bila kumkera mtu ni ule wa foleni: kliniki, benki, mashine ya kusaga, kituo cha basi. Hapo hakuna anayekuzungumzia, na kina mama wanaosubiri pamoja nawe mara nyingi ndio wateja.

Shikamoo mama. Naishi Unguja. Nikitoka na kazi yangu ya kroshia, mikono hutoka jasho, uzi mweupe wa pamba hugeuka kijivu kabla sijamaliza, na sindano zangu ndogo za chuma zinaota kutu. Nimefikiria kuhamia rangi nyeusi. Unasemaje?
*Msomaji, Unguja*

Marahaba. Nyeusi huficha uchafu, lakini vitanzi vyake havionekani penye mwanga hafifu, na utaumiza macho bure. Kwa kazi ya kutembea nayo, rangi ya kahawia, buluu ya wastani au ya kijani hukufaa zaidi. Nyeupe iwe ya nyumbani. Ikikulazimu kutoka na nyeupe, tandika kanga safi mapajani, uviringishe sehemu iliyokwisha ndani ya kitambaa na kuacha wazi ile pembe unayofuma tu, na uwe na taulo dogo la kukaushia viganja. Kitambaa kilichogeuka kijivu kiloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na ukifue kikamilifu kabla ya kukitia wanga, kwa sababu ukitia wanga na kupiga pasi kabla ya kufua, uchafu utashika zaidi.

Sindano nyembamba za kroshia kwa kawaida ni za chuma cha pua au chuma kilichopakwa madini juu, na pale mpako unapokwanguka, jasho na hewa ya chumvi hufanya kazi yake. Zifute kila unapomaliza kufuma, zipake tone la mafuta ya cherehani mara moja moja, kisha uyafute kabisa ili yasichafue uzi. Usiache sindano imechomekwa ndani ya kazi usiku kucha. Doa la kutu likishaingia kwenye pamba nyeupe, sabuni hailiwezi. Lipake maji ya ndimu na chumvi, ulianike juani, ulisuuze, na urudie hadi litoke.